Msumeno mmoja mkubwa au miwili ya wastani, kirikuu au Canter: ulinganisho kwa wakata miti wa Nyanda za Juu Kusini

Anayeanza kazi ya kukata na kupogoa miti Mbeya, Iringa au Njombe hununua vitu viwili vinavyokula karibu fedha yake yote: msumeno wa injini na chombo cha kuubebea. Makosa mengi niliyoyaona katika ununuzi huo, yakiwamo ya kwangu, yalitokana na kuuwaza mti mkubwa kuliko yote ambao mtu anatumaini kuuangusha siku moja, badala ya kuihesabu miti anayoitiwa kila wiki. Anayeangusha misindano, yaani mipaini, katika mashamba ya watu binafsi Mufindi, jirani na Shamba la Miti la Sao Hill, na anayeitwa mtaa wa Forest jijini Mbeya kuondoa tawi la jakaranda lililolalia paa, wote huitwa wakata miti, lakini ukiwabadilishia vifaa hakuna atakayemaliza siku. Kwa hiyo namwomba msomaji, kabla hajalinganisha chochote, afungue daftari na kuandika kazi zake za miezi mitatu: mti wa aina gani, unene wa shina kwenye kimo cha kifua, umbali kutoka barabarani, na kama magogo yalibebwa au yaliachwa kwa mwenye mti. Mimi nilipofanya hivyo niligundua kwamba ule msumeno mkubwa niliojivunia ulikuwa umehitajika mara tatu tu.

Misumeno: uzito, nguvu na breki ya cheni

Misumeno ninayokutana nayo kwa mafundi wa huku naigawa katika madaraja matatu. Daraja la chini ni la misumeno kama Stihl MS 180, yenye injini ya cc 31.8 na uzito wa takribani kilo 4 kabla ya kufungwa cheni na bapa, yaani ule upanga wa chuma ambao cheni huuzunguka. Daraja la kati linaanzia kwenye MS 250 yenye cc 45.4 na kupanda hadi Husqvarna 365 yenye cc 65.1 na Stihl MS 381 yenye cc 72.2, ambayo uzito wake unapita kilo 6. Daraja la juu ni la mashine kama Stihl 070, yenye cc 105.7 na uzito unaozidi kilo 10, ambayo wapasuaji wa mbao wameizoea kwa miaka mingi.

Ile 070 ina sifa yake ya kweli, nayo ni kuvuta kwa nguvu bila kuzimika ikiwa imefungwa bapa refu ndani ya gogo nene. Kwa mtu anayepasua mbao za mkaratusi, au milingoti kama wengi tunavyoiita, akikata kwa urefu wa gogo dakika nyingi mfululizo, sifa hiyo ina thamani. Lakini ukiipeleka kwenye msindano wenye unene wa sentimita 30, MS 381 itamaliza mapema, kwa sababu cheni yake inakwenda kasi na mkataji anaigeuza bila kupigana na uzito. Kilo nne za ziada hazionekani asubuhi. Huonekana saa nane mchana, mkataji anapoinama kwa mara ya mia kukata matawi ya mti uliolala, mgongo umechoka na ncha ya bapa inaanza kugusa asichokikusudia. Jambo zito zaidi ni kwamba mashine nyingi za 070 zinazozunguka mitaani, pamoja na nakala zake, hazina breki ya cheni. Ncha ya juu ya bapa ikigusa tawi, msumeno huruka kumwelekea aliyeushika, na breki ile ndiyo pekee inayoweza kuisimamisha cheni kabla haijafika usoni. Simkubalii kijana yeyote wa kundi langu kushika msumeno usio na breki hiyo, hata kama mwenye kazi ameuleta yeye.

Shauri langu kwa anayefanya kazi za mchanganyiko ni kununua misumeno miwili kwa fedha ambayo ingenunua mmoja mkubwa: mmoja wa daraja la chini kwa matawi, na mmoja wa daraja la kati kwa mashina. Bapa la inchi 20 kwenye msumeno wa kati linaweza kuangusha shina nene kuliko urefu wake, ikiwa mkataji anajua kukata kutoka pande zote mbili. Faida nyingine huijui mpaka yakukute: mti ukilibana bapa, ule wa pili ndio unaoukomboa wa kwanza. Mwenye msumeno mmoja uliobanwa kwenye mkaratusi ulioinama hubaki na shoka, kabari na maneno ya mwenye shamba.

Kuhusu nakala za bei nafuu, sitaki kuzikataa kwa jumla. Zina spea nyingi, na fundi yeyote anazifungua bila woga. Naziona zinafaa kwa kazi ya chini, yaani kukata matawi ya mti uliokwisha kuanguka na kupunguza magogo kuwa kuni. Hazifai kupandishwa juu ya mti. Mtu aliyefungwa kamba kwenye mita 12 anahitaji msumeno unaowaka kwa mvuto wa kwanza, unaozima pale anapoigusa swichi, na ambao breki yake haijalegea. Ubaya wa nakala ni kwamba mbili zilizonunuliwa siku moja kutoka kwenye rafu moja hazifanani.

Misumeno ya betri nitaigusa kwa kifupi. Kelele yake ni ndogo, haina moshi, haihitaji kuchanganyiwa mafuta, na kwa kupogoa kwenye nyua za hospitali, shule au hoteli inamstahi kila mtu. Tatizo ni betri: moja haitoshi siku nzima, ya pili na ya tatu hupandisha gharama kupita msumeno wenyewe, na kazi nyingi za huku ziko mbali na umeme. Kwa mwenye shamba la maparachichi Rungwe au Njombe anayepogoa miti michanga, msumeno mzuri wa mkono na mkasi wa kupogolea vinamtosha bila injini wala betri.

Mwinuko wetu na kabureta

Jambo hili halizungumzwi vya kutosha madukani, na ni la kwetu hasa. Jiji la Mbeya liko kwenye takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe inakaribia mita 2,000, na vijiji vingi vya Makete viko juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyosukumiwa hewa na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Msumeno uliorekebishwa pwani, ukiuwasha Njombe, hupokea petroli nyingi kuliko hewa: unatoa moshi, plagi inakuwa nyeusi na yenye unyevu, na mwenye nao anadhani ameuziwa mashine mbovu. Fundi hukaza kidogo skrubu ya kabureta ili kupunguza mafuta, na msumeno unachangamka.

Hatari inakuja pale msumeno huohuo unapopakiwa kwenda Kyela, ambako ufuko wa Ziwa Nyasa uko chini ya mita 500. Huko hewa ni nzito, mafuta yaliyopunguzwa Njombe hayatoshi tena, na kwa kuwa oili inayolainisha pistoni imo ndani ya mafuta hayohayo, injini hupata joto kupita kiasi na pistoni hukwaruzika au hukwama kabisa. Dalili ni mlio: msumeno unalia kwa sauti nyembamba na ya juu mno bila ule mkwaruzo mdogo wa sauti ambao injini yenye mafuta ya kutosha huutoa ikizungushwa bila mzigo. Anayefanya kazi juu na chini ya Mlima Rungwe katika wiki moja achague ama msumeno ambao skrubu zake zinafikika kwa bisibisi, naye ajue kuzirekebisha, ama ule wa kisasa unaojirekebisha wenyewe kwa kifaa cha umeme. Huo wa pili hupunguza makosa, lakini ukiharibika si kila gereji itauweza. Mimi nimechagua skrubu, na nimeandika kwa rangi kwenye kifuniko ni robo ngapi za mzunguko kwa Mbeya na ngapi kwa Kyela.

Kupanda: ngazi au kamba

Ngazi ni rahisi kununua na kila mtu anajua kuitumia, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Kwa msumeno wa mkono kwenye mparachichi wa mita tatu, ngazi inafaa. Kwa msumeno wa injini haifai kabisa, kwa sababu tawi linapokatika mti hurudi juu, tawi hugonga ngazi, na aliye juu hana pa kushika kwa kuwa mikono yote miwili iko kwenye msumeno. Mkanda wa kupandia wenye kamba mbili, moja ya kumbeba mtu na nyingine fupi ya kuzungushia shina, yenye waya wa chuma ndani, humwacha mkataji asimame imara, na cheni ikiigusa ile ya waya haitakatika mara moja.

Kamba za manila za madukani, zile za rangi ya bluu au kijani, zinafaa kufungia mzigo kwenye gari. Zisimbebe mtu. Zinayeyuka kwa msuguano na kuchakaa kwa jua, nazo hazionyeshi dalili mpaka siku zinapokatika. Kamba ya kumbeba mtu inunuliwe ile iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, yenye unene wa milimita 11 hadi 13 na alama ya kiwango, na itumike kwa kumbeba mtu tu, isishushie matawi. Kamba ya kushushia iwe nyingine, nene zaidi na ya rangi tofauti, ili hata asiyejua kusoma asizichanganye. Viatu vya miiba ya kupandia tunavivaa kwa mti unaoondolewa kabisa. Mti unaobaki tusiutoboe, kwa kuwa kila tundu ni mlango wa kuoza.

Mti ulio karibu na nyaya haushindanishi ngazi na kamba. Tunaiomba TANESCO izime umeme kwanza, na tunangoja, hata kama mwenye nyumba anatuambia kwa upole, “Mwanangu, ni tawi moja tu.”

Gari: anza na gogo

Kulinganisha magari kwa jina au kwa muonekano hakusaidii. Chukua gogo. Gogo bichi la mkaratusi lenye kipenyo cha sentimita 40 na urefu wa mita 2 lina ujazo wa robo ya mita ya ujazo, na kwa kuwa mkaratusi mbichi huwa na uzito unaokaribia tani moja kwa mita ya ujazo, gogo hilo peke yake ni karibu kilo 250. Sasa tazama magari.

Kirikuu, ile pikapu ndogo ya cc 660, imetengenezwa kubeba kilo 350. Hilo ni gogo moja na vifaa. Mtu akikwambia kirikuu yake inabeba magogo manne anasema kweli, kwa maana ya kwamba inaondoka. Haimaanishi itasimama ikifika kwenye mteremko wa Iwambi. Lakini kwa mpogoaji wa mjini ambaye mzigo wake ni misumeno miwili, kamba, dumu mbili na matawi mepesi ya jakaranda au msaiprasi, hakuna gari linaloishinda. Inapita kwenye vichochoro vya Soweto na Mwanjelwa jijini Mbeya, inakunywa mafuta kidogo, na tairi zake ni za bei ya kawaida. Guta nalo linaweza matawi hayohayo kwenye mitaa ya tambarare, ila likipandishwa kwenye miinuko ya chini ya Mlima Loleza injini yake huteseka.

Pikapu kamili, yaani Hilux au Land Cruiser, hubeba karibu tani moja. Ukiondoa uzito wa watu na vifaa, hayo ni magogo matatu. Haijanunuliwa kwa ajili ya magogo basi, imenunuliwa kwa ajili ya njia. Anayefanya kazi Makete au ndani ya Mufindi kati ya Desemba na Aprili anaujua udongo mwekundu ulioshiba mvua, unaoteleza kama umepakwa sabuni, ambapo gari lisilovuta kwa magurudumu manne hulala njiani. Kati ya hizo mbili, Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ya lita 4.2 na silinda sita, ina pampu ya mafuta isiyotegemea kompyuta, na fundi wa Makambako anaitengeneza kwa spana alizonazo. Haina tabo, kwa hiyo inaonja ule upungufu wa nguvu wa mwinuko niliousema kwenye misumeno. Hilux za diseli za miaka ya karibuni zina tabo, zinapanda Njombe bila kuhema na zinatumia mafuta kidogo, lakini mfumo wake wa kunyunyiza diseli hauvumilii uchafu wala maji kwenye mafuta. Anayenunua diseli ya kwenye madumu vijijini achague 1HZ. Anayejaza kwenye kituo kimoja anachokiamini mjini achague Hilux, na abadilishe filta ya dizeli kwa wakati.

Canter ya tani tatu ndiyo inayobeba magogo kwa maana ya kubeba. Kwenye karatasi ni kumi na mawili ya mfano wetu. Mimi huishia kumi. Bodi yake ya wazi inapokea mzigo kutoka pande tatu, na kwenye barabara ya lami kati ya Mafinga na Makambako inajilipa. Udhaifu wake ni tope, kwa kuwa nyingi zinavuta kwa magurudumu ya nyuma tu, na zikiwa tupu nyuma inakuwa nyepesi na kuserereka. Halafu kuna mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari inayagusa magari yenye uzito wa jumla kuanzia tani 3.5, kwa hiyo mwenye Canter anapokaribia mizani ya Makambako au ya Wenda lazima ajue amebeba nini. Magogo mabichi yanadanganya macho, kwa sababu yaleyale yakikauka hupoteza sehemu kubwa ya uzito, na dereva aliyezoea kuni kavu hukadiria vibaya. Aidha, magogo na mbao barabarani huhitaji hati ya kusafirishia mazao ya misitu, ile tunayoiita TP, bila kujali ukubwa wa gari.

Trekta lenye tela ni la wale ambao kazi yao yote iko ndani ya shamba. Linavuta magogo kutoka bondeni pale Canter isipofika, na halifai kwa kitu kingine.

Marekebisho yanayofaa na yasiyofaa

Nilipokuwa na pikapu yangu ya kwanza, nilimwendea fundi wa kuchomelea anitengenezee ndoano ya kuvutia miti. Aliichomelea kwenye bampa la nyuma, kazi safi kwa macho, rangi nyeusi juu yake. Wiki ya pili tulikuwa tunauvuta mkaratusi ulioegemea ukuta Uyole. Kamba ilikaza, mti ukatikisika, kisha nikasikia mlio mfupi kama wa sufuria iliyoanguka: bampa lilikuwa limeng'oka upande mmoja, na ndoano ikapasua kioo cha nyuma ikapita katikati ya viti viwili vya mbele. Dereva alikuwa ameshuka kuangalia tairi. Kama angekuwa amekaa, nisingekuwa naandika haya kwa utulivu huu.

Tangu hapo nina msimamo wa aina mbili. Kwanza, ndoano ifungwe kwenye chesisi kwa bolti na bamba la chuma la upande wa pili, si kwa kuchomelea peke yake. Pili, gari lisitumike kuvuta mti unaokatwa. Gari huvuta kwa mshtuko, dereva haoni mkato, na kamba ikiwa fupi gari lenyewe liko ndani ya eneo la kuangukia. Winchi ya mkono ya waya, yenye uwezo wa tani 1.6, iliyofungwa kwenye shina la mti mwingine, huvuta polepole sentimita kwa sentimita, na anayeivuta anasikiliza mti. Chenibloki inaweza kazi hiyo pia kwa gharama ndogo, ila mnyororo wake ni mfupi na unalazimika kuifunga upya mara kwa mara. Winchi ya umeme ya mbele ya gari ni ya kujitoa kwenye tope, na ukiitumia kwa hilo tu utaifurahia miaka mingi.

Masanduku ni marekebisho ninayoyapenda kuliko yote, na hugharimu kidogo. Sanduku moja la chuma lenye kufuli kwa misumeno, mafuta na oili, liwekwe nyuma karibu na mlango wa bodi, lenye matundu ya hewa chini. Sanduku la pili, la mbao au plastiki, liwekwe mbele, nyuma ya kabini ya dereva, kwa kamba, mikanda na helmeti. Kamba na petroli visisafiri pamoja. Mafuta na oili huingia kwenye nyuzi, na kamba inayoonekana nzima inakuwa imekwisha kufa kwa ndani.

Kuongeza majani ya springi ndiyo marekebisho yanayoombwa zaidi na yanayonitia wasiwasi zaidi. Gari halilali tena likibebeshwa, na mwenyewe anaamini uwezo umeongezeka. Kilichoongezeka ni kimo tu. Breki ni zilezile, ekseli ni ileile, bearingi ni zilezile, na sasa zimepewa mzigo ambao mtengenezaji hakuupanga. Kama unahitaji springi za ziada kila siku, unahitaji gari lingine. Nguzo za pembeni za kuzuia magogo, kwa upande mwingine, ni lazima, ziwe za bomba nene linaloingia kwenye mifuko ya chesisi, na mzigo usipite kimo cha nguzo hizo. Ukibadilisha bodi kabisa, kwa mfano kutoka bodi la wazi kuwa la kumwaga, peleka taarifa TRA ili kadi ya gari ilingane na gari.

Matunzo: tupa ya kunolea kabla ya spea

Cheni butu ndiyo chanzo cha matatizo mengi yanayopelekwa kwa fundi. Mkataji anaukandamiza msumeno ili ukate, klachi inapata joto, bapa linalika upande mmoja, mafuta yanakwisha, na mwisho anasema injini imechoka. Tazama kinachotoka. Cheni yenye makali hutoa vipande vya mti vinavyoshikika kwa vidole. Cheni butu hutoa unga laini kama sembe.

Kila asubuhi naukaza msumeno kwenye kisiki, natia alama ya wino kwenye jino la kwanza, na kusukuma tupa kutoka ndani kwenda nje kwa pembe ya nyuzi 30, mara tatu kwa kila jino, bila kuirudisha kwa kuikwaruza. Kisha nalielekeza jino kwenye jua. Ukiona mstari mwembamba unaong'aa juu ya ukali, jino bado ni butu, kwa sababu ukali halisi haurudishi mwanga. Namaliza meno ya upande mmoja yote kabla ya kugeukia wa pili, na mara tatu zilezile, la sivyo msumeno utakata kwa kupinda. Unene wa tupa hufuata cheni: milimita 4 kwa cheni ndogo ya misumeno kama MS 180, milimita 4.8 kwa cheni ya 0.325, na milimita 5.2 au 5.5 kwa cheni kubwa ya 3/8, kulingana na mtengenezaji. Kila baada ya kunoa mara tano hivi, kile kibonge kilicho mbele ya jino hupunguzwa kwa tupa bapa hadi kiwe chini ya ukali kwa milimita 0.65. Ukikipunguza zaidi ya hapo msumeno utauma kwa pupa na kuruka. Bapa nalo ligeuzwe juu chini kila unapobadilisha cheni.

Katika mafuta, uwiano wa 50 kwa 1 ni mililita 100 za oili ya tustroki kwa lita 5 za petroli, na misumeno ya zamani inayodai 25 kwa 1 hupewa mililita 200. Oili ya gari haifai hapo hata kwa siku moja. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi umwagwe kwenye matumizi mengine. Oili chakavu ya gereji, ambayo wengi huitia kwenye tenki la cheni kwa kuwa ni ya bure, ina chembe za chuma zinazokula pampu na bapa, na inamrukia mkataji ngozini siku nzima. Mafuta ya alizeti hulainisha vizuri kuliko watu wanavyodhani, lakini msumeno ukikaa wiki kadhaa huganda kama gundi, kwa hiyo ni ya mtu anayefanya kazi kila siku na kusafisha kila jioni. Kati ya Julai na Oktoba, vumbi la huku huziba chujio la hewa kwa nusu siku. Tunalipiga taratibu kwenye kiganja mchana, na kuliosha jioni.

Kwa gari, nguvu zote za matunzo zipelekwe kwenye breki na tairi kabla ya injini. Miteremko ya Kitonga na Iwambi haijali injini ilivyo nzuri. Dereva ashuke kwa gia ileile ambayo angepandia, na mafuta ya breki yabadilishwe angalau kila miaka miwili, kwa sababu hunyonya maji, na maji hayo huchemka pale breki zinapopata moto, pedali ikazama hadi chini. Mwenye 1HZ asiusahau mkanda wa taimingi, ambao kwa kawaida hubadilishwa kila kilometa 100,000. Ukikatika, vali na pistoni hukutana.

Mwenye fedha isiyotosha vyote, mpangilio wangu ni helmeti yenye kinga ya uso na masikio, suruali ya kinga ya miguu na buti, kisha msumeno wa kati, kisha mdogo, kisha mkanda na kamba. Gari ni la mwisho, nalo likodiwe kwanza. Canter ya kukodi kwa siku ya magogo na kirikuu ya kukodi kwa siku ya matawi zitakufundisha ni lipi la kununua, mradi kila safari iandikwe kwenye lile daftari pamoja na bei yake. Langu lilionyesha kwamba siku za tope zilikuwa zimefika tatu kwa wiki msimu mzima wa mvua, na siku za magogo mazito mbili tu kwa mwezi. Nilinunua pikapu, na Canter naendelea kuikodi.